Darubini ya Kumtazamia Onesphore

Waliokuwapo Jumamosi hiyo ya Aprili 2018, kwenye benchi lililo nje ya duka la Serah, Fridley, huku ughaibuni, ni hawa. Maurice Wafula Simiyu, ambaye kijiweni huitwa Profesa, ingawa kazi yake huko Saint Louis Park ni kutengeneza printa za ofisini. Jotham Kiprono Rotich, aitwaye Kamanda, dereva wa gari linalopeleka wagonjwa kliniki, asiyeamrisha mtu hata nyumbani kwake. Mugisho Ntakwinja wa Bukavu, aitwaye Monsieur kwa sababu humwita kila mtu hivyo, pamoja na paka wa Serah. Na mimi, ambaye sikupewa jina la utani. Nadhani waliona nisingeliitikia. Onesphore Habiyaremye hakuwapo. Alikuwa na wiki mbili hospitalini, upande wa Maplewood, kwa ugonjwa wa mapafu.

Hatukuwa tumekwenda kumwona. Mlangoni pa hospitali paliwekwa tangazo kwamba mwenye kikohozi asiingie, na sisi tulikuwa tukikohoa tangu Februari, tukiambukizana mafua kwa uaminifu kama tunavyopokezana chupa ya kahawa. Simu ya video Onesphore hakuitaka. Alisema si desturi mgonjwa kujuliwa hali na kidole. Ijumaa binti yake, Générose, akaleta neno moja kutoka kwa baba yake: “Mugisho yuko wapi?” Nieleze kwamba Mugisho alipovunjika mguu kiwandani, Onesphore alikwenda kwake kila siku kwa basi, na sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo, mapajani, katika Januari ya huku. Basi Mugisho tangu Ijumaa hakuwa amelala.

Jotham akatoa mfukoni kitu cheusi, kidogo kama pakiti mbili za sigara.

Jotham: Wazee, shida imeisha. Tunaenda, tuna-park nje, tunamwona Mzee kwa dirisha. Binokula. Nane kwa ishirini na moja.

Maurice: Nane nini?

Jotham: Nane ni nguvu. Ishirini na moja ni maili.

Maurice: Maili ishirini na moja! Basi Maplewood twendeni kufanya nini? Hata kumi na tano haifiki. Tukae hapa hapa, tumtazame tukinywa kahawa.

Nilisema kwamba ishirini na moja ni upana wa lenzi ya mbele, kwa milimita. Hawakunisikia, au walinisikia.

Mugisho: Leta nione, Monsieur. Eh! Jumelle ya mtoto hii. Ile ya wanajeshi kwetu ilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Jotham: Na ilikusaidia nini?

Mugisho: Ilisaidia wao kutuona sisi. Njo maana niko Fridley.

Akaiweka juu ya miwani yake, akaielekeza ng'ambo ya barabara.

Mugisho: Naona usiku.

Jotham: Ni saa nne asubuhi.

Mugisho: Na mimi nakuambia naona usiku. Na katikati ya usiku, shimo dogo.

Maurice: Mzee, una miwani. Hizo raba za machoni zikunje kwanza. Halafu ubane hapa katikati, ilingane na macho yako. Si macho ya Kamanda, yake yako mbali kama taa za lori.

Raba zikakunjwa, bawaba ikabanwa, gurudumu likazungushwa huku na huku.

Mugisho: Ah. Bon. Naona duka la matairi. Naona monsieur anakula mkate. Mkate iko na yai.

Jotham: Si nilisema? Yai! Kutoka hapa!

Maurice: Kamanda, hatukuambiwa yai ni mgonjwa. Onesphore yuko ndani, nyuma ya kioo. Kifaa hupimwa katika hali ya kazi yenyewe. Nenda kwenye duka lile la kufulia nguo, ukae nyuma ya dirisha, ujifanye mgonjwa.

Jotham: Kwa nini mimi?

Maurice: Una uso wake tayari.

Jotham akavuka maegesho, akirukaruka madimbwi ya theluji iliyoyeyuka, akaingia kwa mashine za kufulia. Maurice akatazama. Akazungusha gurudumu. Akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

Mugisho: Unamwona?

Maurice: Naona mawingu. Naona nguzo ya umeme. Naona wazee watatu kwenye benchi, mmoja ana darubini. Duh, huyo ni mimi.

Mugisho: Lete. Ah, vraiment. Dirisha inatuangalia sisi.

Jotham akarudi anahema.

Jotham: Mmeniona?

Maurice: Ulikuwa unafanya nini?

Jotham: Nilipunga mkono. Nikalala kwa viti. Nikatoa ulimi, muone kama details zinaonekana. Mama aliyekuwa anakunja mashuka akahamia mashine za mwisho.

Maurice: Basi aliyeziona ni huyo mama peke yake.

Jotham: Basi tunaenda jioni, taa zikiwashwa ndani.

Maurice: Jioni lenzi hii ndogo haitapata mwanga wa kutosha. Utaona dirisha la njano na kitu ndani yake. Inaweza kuwa Onesphore, inaweza kuwa mtungi wa oksijeni.

Jotham: Na mikono itulie. Mimi nikishika hii kitu, duka la matairi linacheza.

Maurice: Hiyo si darubini, ni kahawa. Mzee, wewe unaonaje?

Swali hilo lilikuwa kwangu. Nikasema kwamba sioni vibaya watu wanne weusi kusimama kwenye maegesho ya hospitali wakati wa magharibi, wakiyaelekezea madirisha darubini. Hapo kwa hakika hatutakaa muda mrefu bila kuhudumiwa, na polisi.

Jotham ndiye aliyetangulia kupata wokovu.

Jotham: Tutasema tunatazama ndege.

Maurice: Sasa hapo umesema. Wazungu wa hapa, ukiwaambia ndege, wanakusamehe kila kitu. Jirani yangu alisimama uani kwangu tangu alfajiri kwa ajili ya bundi. Nilimpa chai.

Jotham: Tunavaa zile vesti za mifuko mingi.

Maurice: Na kitabu cha ndege. Kishikwe wazi.

Mugisho: Ndege gani anakaa ghorofa ya nne, ndani, kitandani?

Maurice: Adimu sana. Ndiyo maana tumekuja wanne.

Mugisho hakucheka.

Mugisho: Mnacheza. Mi nauliza: nikimwona na hii, nimemtembelea ao sijamtembelea?

Jotham: Umemwona kwa macho yako mwenyewe, buda. Imehesabika.

Maurice: Haijahesabika. Kutembelea ni kupeleka kitu. Uji utaupitisha wapi?

Jotham: Uji tunampa Générose mlangoni. Macho ni yetu, mikono ni ya Générose. Huo ni ugeni kamili.

Maurice: Na maombi?

Jotham: Tunaombea kwa gari, heater ikiwa imewashwa. Mungu hahitaji binokula.

Maurice: Basi wewe uliihitaji ya nini?

Wakati huo Rahab Wambui Kariuki alitoka dukani na mfuko wa unga wa ugali begani. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee na alikuwa tayari amevaa nguo za kazini. Alisimama, akamtazama Mugisho aliyekuwa na darubini shingoni.

Rahab: Shikamooni, wazee. Mnapeleleza nani leo?

Akaelezwa mambo yote na Jotham: mafua, tangazo, kioo, vesti, ndege. Rahab akacheka hadi akatua mfuko chini. Kisha akafuta macho.

Rahab: Kwani ni nani aliwaita, ni nyinyi mnataka kumwona ama ni yeye anataka kuwaona?

Maurice: Ni yeye. Ameuliza Mugisho yuko wapi.

Rahab: Sasa yeye ataona Mugisho na nini?

Jotham akaangalia viatu vyake. Maurice akamimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagika kwenye goti. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimejua habari ya milimita, nikainama kumtafuta paka. Rahab akabeba unga wake, akaenda kazini.

Mugisho: Twende leo. Sasa hivi. Kamanda, nipeleke. Nitasimama chini kwa dirisha, Générose amuinue kichwa. Ataona koti yangu. Inatosha.

Jotham: Leo niko na zamu saa sita, Monsieur. Na ile gari ni ya kampuni.

Mugisho: Profesa?

Maurice: Leo mchana wanasema theluji tena. Na ghorofa ya nne, Mzee, bila kifaa utakuwa kama mdudu. Usimpe mgonjwa kazi ya kubahatisha. Sikiliza. Hii ndogo tumeijaribu, imeshindwa. Haina mwanga, inatikisika, haiwapendi wenye miwani. Tunaagiza kubwa mbili, za lenzi pana. Moja yetu, moja tunampa Générose ampelekee. Mnaangaliana sawasawa, kila mtu na yake. Zinafika Jumatano, Alhamisi Kamanda yuko off, tunaenda.

Jotham: Hiyo ndiyo akili. Alhamisi.

Mugisho: Alhamisi iko mbali.

Maurice: Siku tano! Mtu amelala wiki mbili, siku tano ni nini?

Mugisho haendeshi gari, na mguu ule haujawahi kupona vizuri kwa kungojea mabasi. Akanigeukia. Mimi nina miaka themanini na leseni nilikwisha kuirudisha; nikamwambia kwamba Alhamisi ni busara. Nilisema hivyo kwa sauti ya kutosha.

Akainua ile darubini ndogo na kuielekeza mashariki, iliko Maplewood. Upande huo kuna ukuta mrefu wa kuzuia kelele za barabara kuu, basi.

Jotham: Unaona nini?

Mugisho: Naona ukuta. Unaonekana vizuri kabisa.

Maurice akaitikisa chupa ya kahawa, ikawa haina kitu. Wakaondoka mmoja mmoja, Jotham akiwa anabonyeza simu kuagiza zile mbili, akituuliza kama tunapenda nyeusi au kijani. Tukasema kijani, kwa ajili ya ndege.

Onesphore Habiyaremye alifariki Jumanne asubuhi.