Mwalimu Wiesinger na Mwisho wa Simfonia Yake

Tarehe 31 Machi 1909, Mwalimu Ottokar Wiesinger aliiweka chini fimbo ya kuongozea, baada ya kuitumikia Okestra ya Mji wa Hallenfurt kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi ya kuandika haya machache kwa ajili ya karamu ya leo imeangukia kwa mpiga ngoma, kwa kuwa inaaminika mpiga ngoma ana nafasi. Ni kweli. Mtu anayesubiri kurasa na kurasa ili apige pigo moja huona mengi.

Mwalimu ni mtoto wa mwoka mikate. Alikuja kwetu kupiga fidla ya pili, tena kwa muda tu, mpaka apate kazi ya maana. Kabla hajaipata, kiongozi wa wakati ule aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Akatafutwa mtu anayezijua nyimbo zote bila kuangalia karatasi. Wiesinger alizijua, na isitoshe alikuwa na koti jeusi. Wazee wa okestra wanashikilia mpaka leo kwamba lililoamua ni koti.

Alitukuta tunapiga kwenye dansi za zimamoto. Amestaafu akituacha tunapiga simfonia nzima bila kupotezana, na chumba cha mazoezi kina jiko la kuotea moto. La jiko lilimchukua muda mrefu zaidi, maana kwa simfonia alipambana na sisi, ila kwa jiko alipambana na Baraza la Mji.

Ulimi wake tunaujua. Siku moja aliyasimamisha mabaragumu katikati ya mazoezi.

“Jamani, mnapiga kama watu wanaoteremsha kabati ngazini!”

“Mwalimu,” akajibu Hasenöhrl, mpiga baragumu wetu wa kwanza, “wewe ndiye uliyeandika kabati.”

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake sehemu ile ililetwa ikiwa imeandikwa upya, nyepesi kabisa. Kabati lilikuwa limegeuka kiti.

Kwani yeye pia ni mtunzi. Ametunga nyimbo, misa mbili, na simfonia moja ambayo kila mtu wa Hallenfurt anasema anaipenda. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuisikia yote. Karibu na mwisho, okestra nzima inapanda, inanguruma, halafu inakatika ghafla. Hapo Mwalimu aliandika kimya kirefu. Baada ya kimya zinaingia filimbi mbili na selo moja, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na ngoma kwa mbali, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Huo ndio mwisho.

Lakini Hallenfurt ina desturi zake. Gulashi, ile nyama ya mchuzi mzito, ya mkahawani kwa Mohr, mkabala na ukumbi wa tamasha, haimngoji mtu. Atakayechelewa atakula mkate na mchuzi. Kwa hiyo kila simfonia hii ilipopigwa, ngurumo ilipokatika tu, watu waliona imekwisha. Makofi mawili matatu, kisha mbio kwenye chumba cha makoti. Filimbi zikalia chini ya vishindo vya viatu, na Mwalimu akaendelea kuongoza, mgongo kwa viti vitupu. Gazeti liliwahi kuusifu “mwisho wake wa kishindo.” Mwalimu alisoma, akalikunja.

“Mwandishi huyu naye aliwahi gulashi,” akasema.

Mazoezini tuliupiga mwisho ule, naam. Lakini ukumbi usio na watu hujibu kama pipa, na yeye muziki ule aliwaandikia watu waliotulia. Msimu uliopita daktari akamwambia sikio la kushoto limekwenda na la kulia linafuata. Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu. Simfonia aliipanga kwenye tamasha la kuaga, na sote tulielewa: kama si siku hiyo, basi tena.

Tukamshauri tuchapishe onyo kwenye karatasi ya programu, watu wasiinuke mapema. Akakataa.

“Watanyamaza kwa adabu,” alisema. “Mtu anayenyamaza kwa adabu anawaza koti lake.”

Siku ya tamasha ikafika. Ngurumo ikapanda, ikakatika. Makofi. Viti vikalia, na Mheshimiwa Mshauri Tschurtschenthaler wa Baraza la Mji akatangulia mlangoni kama ilivyo haki ya cheo chake. Akarudi mikono mitupu. Chumba cha makoti kilikuwa kimefungwa, na Bi Kreszenz, anayekitunza tangu ukumbi ujengwe, alikuwa ameketi safu ya nyuma, funguo mapajani.

“Bi Kreszenz! Makoti!”

“Keti, Mheshimiwa. Miaka yote nawavalisha nyinyi makoti. Mwenzenu sijui wimbo huu unaishaje.”

“Lakini umekwisha!”

“Umekwisha wapi? Mkono wa Mwalimu uko juu ule. Huna macho?”

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Kweli, mkono ulikuwa juu. Hakuna aliyemtuma mama yule, tumemuuliza, akatufukuza. Mmoja mmoja wakaketi. Mwalimu alingoja mpaka kiti cha mwisho kikaacha kulia, ndipo akazipa filimbi ishara, huku amegeuza kichwa kidogo, sikio la kulia likielekea kwetu.

Tulipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Waliogopa kukosea tena. Mwalimu alisimama pale, mkono umeshuka, akiusikiliza ukumbi uliojaa watu wasiokohoa hata mmoja. Kisha akatuinamia.

“Kumbe ni mfupi hivi,” akanong’ona. “Turudie.”

Tukarudia. Hakuna aliyeondoka.

Mwalimu wetu, asante kwa fidla, kwa jiko, na kwa matusi yaliyotufundisha kazi. Tunakuombea uzee wa raha, afya njema, na sikio lile lililobaki likae nawe muda mrefu. Likichoka, hapana neno: mwisho wa simfonia yako sasa mji mzima unaujua, na Bi Kreszenz anauimba akigawa makoti. Anakosea noti moja. Hatujamsahihisha, na tunakusihi nawe usimsahihishe.