Kikombe cha Usalama Hatukichukui

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Bwana Kipsang. Meneja wa tawi, Bwana Onchiri. Wafanyakazi wenzetu, na wateja mliosimama na vikapu vyenu: chamgei, hamjambo!

MAKARIBISHO
Karibu Kericho, na pole kwa mvua. Tumeambiwa umekuja kutukabidhi kikombe kwa sababu tawi letu limemaliza mwaka bila mtu kuumia. Tuliposikia hivyo tulitazamana.

TULIKOTOKA
Supamaketi hii ya Soin Bora ilianzia kwa kibanda cha marehemu baba yako pale Soin, akiuza chumvi na mafuta taa. Wanaomkumbuka wanasema mteja akiteleza mlangoni, mzee alitoka mwenyewe kumwinua. Hilo tunajivunia.

MAFANIKIO
Rafu hazikai tupu, hata wiki ya bonasi ya majani chai, wakulima wakimiminika na pesa zao.

CHANGAMOTO
Ni moja, na umeikanyaga ulipotembezwa stoo. Zulia lile jekundu lilitandikwa jana jioni kufunika ngazi iliyovunjika, ile ya kutoka stoo kuingia dukani. Tumeiripoti mpaka tumechoka. Ukibeba katoni za mafuta zikufike puani, miguu yako huioni, na mvua ikinyesha sakafu yote ni matope ya gambuti. Mwenzetu Kipruto alivunjika jino pale, wala halikuandikwa kitabuni. Kisha Dorcus Nyamusi, wa sehemu ya unga, akajikwaa akavunjika nyonga. Meneja alimwendea hospitalini.

“Wewe sema tu uliangukia nyumbani,” akamwambia.

“Nyumbani kwangu hakuna ngazi,” Nyamusi akajibu.

Akafutwa kazi akiwa bado kitandani. Ndiyo sababu mwaka wetu ni safi, mgeni rasmi. Aliyeumia si mfanyakazi tena.

Tumekasirika, na leo hatutapiga makofi kuficha hasira yetu.

MAOMBI
Inua zulia ujionee. Ngazi ijengwe. Nyamusi arudishwe, pale kwa kaunta ya malipo kazi ni ya kukaa, na hesabu anaijua. Amekuja leo. Ameketi nje ya geti la nyuma na magongo yake, akinyeshewa, maana mlinzi ameamriwa asimfungulie.

Kikombe hatukichukui. Kama ni lazima ukitoe, mpelekee yeye. Njia ni ile ya stoo. Angalia unapokanyaga.

Mungu ailinde miguu yako, na yetu pia.

Ni sisi wafanyakazi wa Soin Bora, tawi la Kericho, pamoja na Dorcus Nyamusi.
Msomaji wa risala: Janeffer Chepkurui