Shangazi na Blaza Yake Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha vipimo cha kituo chetu cha darubini, Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na fundi wa umeme, kwa jinsi anavyomkaripia mtu kisha akamuuliza kama amekula.

Miaka yote hiyo ameifuatilia blaza moja tu: kiini cha galaksi ya mbali, chenye shimo jeusi na mkondo wa chembe unaotoka hapo kuelekea kwetu. Kwa vipimo vyake alionyesha kwamba chembe zenye nishati kubwa kupita zote hutoa eksirei na kuishiwa nguvu upesi, karibu na pale ziliposukumwa. Zenye nishati ndogo zaidi ndizo zinazofika mbali, zikitoa mwanga tunaouona kwa darubini. Yeye hujihesabu katika kundi hilo la pili, na husema mwenda pole hajikwai.

Lakini aliwahi kujikwaa. Mwaka wake wa pili alimpigia mkurugenzi simu akishangilia kwamba blaza imelipuka. Kumbe mlango wa stoo uliachwa wazi, na taa ya humo ikawa inamulika darubini! Tulimtania hadi tukachoka wenyewe.

Miaka kumi na tisa baadaye blaza ililipuka kweli. Shangazi aliacha mitambo, akaenda kwanza kuukagua mlango wa stoo. Ulikuwa umefungwa. Sisi wengine tulikuwa likizo, jengo zima halina mtu wa kumwambia. Alimpigia dada yake, akapewa hongera na kuombwa apunguze sauti, mtoto amelala. Vipimo vya wiki ile ndivyo vilivyoijulisha kazi yake duniani.

Wenzake walioanza naye walishahamia kwenye tafiti zenye wafadhili, na nafasi yake haitajazwa. Sisi tunaopita koridoni tumezoea kumsikia akiiamkia skrini. Ombi lake la kuagia lilikuwa moja: blaza isiondolewe kwenye ratiba ya darubini. Kamati ya ratiba imeibakizia robo saa kwa wiki. Tulidhani atawaka. Alisema tu kwamba robo saa inatosha kumjulia mtu hali.

Shangazi, asante kwa kazi, na kwa makaripio. Itatuuma kupita chumba chako kikiwa kimya. Mlango wa stoo tutaufunga. Ustaafu mwema, uwe na afya na furaha. Na siku mojamoja, hata kwa robo saa, uje utujulie hali.