Mguu Mmoja Uliovimba Peke Yake

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Mama Mbona.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa pili kati yetu watatu, akasoma shule aliyofundisha baba, ambako aliuliza maswali hadi baba akamwomba mengine ayabakize ya nyumbani. Mwaka 1987 alihitimu ushonaji, akaajiriwa kiwanda cha sare, baadaye akafungua chumba chake nyuma ya soko. Agosti 1991 aliolewa na shemeji yetu huyu, fundi bomba, wakajaliwa mabinti wawili.

Mei mwaka huu aliteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta na kushinda kitini kwa wiki nyingi. Plasta ilipotolewa, shavu la mguu ule lilivimba, likawa la moto na kuuma, naye akachukua futi yake ya kushonea, akapima miguu yote miwili, akamwita mumewe: “Baba watoto, mbona umenenepa huu tu?” Shemeji akacheka, akasema ni mambo ya plasta, wakaukanda kwa maji moto, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku chache baadaye, akitandika kitanda, pumzi ilimkatika ghafla, kifua kikamchoma kila alipovuta hewa, moyo ukamwenda mbio, akakohoa damu. Hospitalini daktari alieleza kwamba damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikachomoka, kikasafiri hadi mapafuni. Dada akaisogeza barakoa ya oksijeni: “Kimepitia wapi?” Daktari akamchorea njia kwenye kiganja chake, kutoka mguuni, kupitia tumboni na moyoni, hadi mapafuni, naye dada akaitazama sana.

“Kumbe ni bomba moja, baba watoto,” akamwambia mumewe kando ya kitanda, kisha akawageukia mabinti: “Mkiona mguu mmoja umevimba, msiukande, kimbieni hospitali. Semeni hata kwenye mazishi yangu.”

Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Julai, na shemeji mwenyewe ameomba tusifiche lolote.

Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye angewasomea haya, alisafiri kutwa kucha kwenye basi kuja msibani, akafika akichechemea. Binti mkubwa wa marehemu alimkatiza salamu, akampandisha suruali, akaona shavu moja la mguu limejaa, akamkimbiza hospitali. Damu ilikuwa imeganda, ila haijapanda mapafuni, na sasa yuko wodini anatibiwa, daktari anasema atapona.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliomshonea nguo ya mwisho.

Dada, pumzika, kaka yuko salama.