Turudi Mbwera: Risala ya Klabu ya Safari na Mikoko kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo

Mgeni rasmi, Mzee wetu Sadala Mbonde, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo cha Mazingira Mwangaza. Mwalimu Salima, Mkuu wetu wa Chuo. Walimu, wazazi mlioacha mashamba na biashara mkaja kutusikiliza, na wanafunzi wenzetu: Asalaam aleykum, na hamjambo nyote.

Aliyesimama mbele yako anaitwa Mudrick. Tumemchagua yeye kwa sababu kipaza sauti cha chuo huzimika kinapojisikia, na Mudrick hazimiki. Lakini maneno ni yetu sote.

KARIBU KWETU

Tumepata habari, Mgeni rasmi, kwamba ulipoalikwa kwenye Siku hii ya Vyama vya Wanafunzi uliuliza, "Na wale wa boti watakuwepo?" Tupo, Mzee. Wote tupo, wazima, na baadhi yetu tumenenepa. Karibu sana Kibiti, karibu chini ya turubai hili ambalo tumelifunga wenyewe tangu asubuhi. Likikuangukia, usiwalaumu wenzetu wa klabu ya mpira.

TULIKOANZIA

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi waliochoka kuuona mkoko kwenye picha ilhali wanaishi karibu na delta. Safari ya kwanza kabisa hawakwenda hata huko. Walikwenda Mloka, kuona jinsi wakulima wanavyopambana na tembo. Walipanda gari la kukodi, wakafika na spika inayopiga muziki, bila kumwambia mtu yeyote kijijini kwamba wanakuja. Siku hiyo watu wa Mloka walikuwa wanawafukuza tembo kwenye mahindi. Mwenyekiti wa kijiji akawaendea akihema, akasema, "Wanangu, sisi tunajua mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmekuja mwenyeji augue."

Waliporudi waliandika maneno hayo ukutani katika chumba cha klabu, na kila kiongozi mpya huyasoma siku anayopokea kazi. Kuanzia hapo klabu ikajifunza kwamba safari huanza kwa kubisha hodi.

SAFARI YA MBWERA

Mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie hapa, kwa sababu umesikia habari hii kwa watu wengi, na hujapata kuisikia kwetu.

Mwaka jana akina mama wa kijiji cha Mbwera, kule delta, wanaopanda mikoko, walitualika tukawasaidie. Kiongozi wao ni Bi. Semeni, mama wa makamo mwenye sauti ya kuvusha mto. Katibu wetu wa safari, Warda, alizungumza naye kwa simu mara nyingi, hadi wakawa wanaulizana habari za familia. Walipatana jambo moja ambalo wengine wetu tulilicheka. Warda alimwambia, "Mama, tutafika kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikipita hujatuona, usingoje simu, maana huko njiani hakuna mtandao. Tuma watu."

Bi. Semeni akamjibu, "Mie sina haja ya simu, mwanangu. Msipofika nakuja mwenyewe."

Kabla ya safari, Warda alitangaza kwamba kila anayekwenda aonane faragha na Yasmin, mwenzetu aliyesomea huduma ya kwanza, amweleze kama ana ugonjwa wowote. Wengi tulikwenda tukasema hatuna, tukatoka. Badru hakwenda. Badru, kwa asiyemjua, ndiye mpiga ngoma wetu, na hakuna safari inayonoga bila yeye. Yasmin akamfuata mwenyewe bwaloni.

Badru akasema, "Nikisema, mtaniacha."

Yasmin akamwambia, "Ukinyamaza ndiyo tunaweza kukupoteza. Ukisema, tunakwenda na wewe tukijua namna ya kwenda na wewe."

Ndipo Badru akasema ana selimundu, ugonjwa unaomshika kwa maumivu makali ya mifupa, hasa akichoka, akipigwa na jua au akikosa maji. Alikuwa ameuficha tangu siku ya kwanza chuoni. Yasmin alikwenda naye kwa daktari wake. Daktari akamruhusu kusafiri, akampa dawa za akiba, akasisitiza maji, maji, na tena maji. Kabla ya kuondoka, Badru alitueleza wasafiri wote. Tunayasema haya mbele ya watu kwa ruhusa ya Badru mwenyewe. Ametuambia tuyaseme kwa sauti.

Tuliondoka bandari ya Nyamisati asubuhi, bahari imetulia, kila mtu kavaa jaketi okozi lake. Nahodha Abubakary aligoma kung'oa nanga mpaka Warda azunguke akivuta mikanda yetu mmoja mmoja. Tuliingia kwenye vijito vya delta tukiimba. Katikati ya njia, wavu uliotupwa na wenyewe ukajisokota kwenye pangaboi, mashine ikazima. Nahodha na mwenzake walizama na kisu, wakakata, wakakata tena. Walipomaliza, maji yalikuwa yamekupwa. Boti ikakaa juu ya tope, ikalala upande kama mtu anayejinyoosha baada ya chakula.

Nahodha akatuambia ukweli: "Hapa hatuondoki mpaka maji yajae. Msishuke, tope hili linameza hadi kiuno. Kaeni, hakuna hatari."

Na kweli hapakuwa na hatari, kwa sisi wengine. Tulicheka, tukapiga picha, tukamtania Saidy aliyevaa viatu vyeupe. Kisha jua likapanda, na Badru akaacha kupiga ngoma.

Yasmin ndiye aliyeona. Badru alikuwa ameshika magoti, jasho linamtoka, meno ameyauma. Alisema kwa sauti ndogo, "Imeanza."

Mgeni rasmi, katika wakati huo tuliona faida ya kujua. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeuliza ana nini. Dawa zilikuwa kwenye mkoba wa Yasmin. Wasichana walifungua kanga zao wakazishika juu yake kama hema, wakawa wanapokezana mikono ilipochoka. Maji yake yalipokwisha, tulimpa yetu, na hakuna aliyesubiri kuombwa. Lakini maumivu yalizidi, maji ya bahari yalikuwa mbali, na simu zetu zote zilikuwa kama vipande vya mbao. Zuhra alianza kulia kimyakimya. Warda alikuwa anaangalia jua. Adhuhuri ilikuwa imepita.

Tulisikia sauti kabla ya kuona mtu. "Nyie wana wa Mwangaza! Mpo?"

Ilikuwa mitumbwi miwili, ikipita kwenye kamkondo kembamba ambako boti isingepita. Kwenye mtumbwi wa mbele alikuwa Bi. Semeni, kajifunga kibwebwe, anapiga kasia pamoja na vijana wa kijijini. Hatukuwa tumewahi kumwona uso wake, lakini Warda alimjua kwa sauti, akaita, "Mama, tuna mgonjwa!"

"Huyo kwanza," Bi. Semeni akasema. "Wengine mtangoja maji. Nyimbo si mnazo?"

Walitandaza mbao juu ya tope, wakampitisha Badru mikononi, Yasmin akaenda naye. Kwenye zahanati ya Mbwera alitundikiwa maji na kupewa dawa. Sisi tulikaa tukiimba kama tulivyoagizwa, mpaka maji yakajaa, boti ikaelea, tukafika kijijini jua likiwa bado juu. Tulimkuta Badru amekaa kitandani anauliza kama chakula kimeiva.

Tulikula wali wa Mbwera na kambale wa nazi. Kesho yake tulipanda mikoko, tope hadi magotini, na akina mama wakituonyesha namna ya kuushika mche usivunjike shingo. Badru alikaa kivulini akipiga ngoma, na Bi. Semeni akasema tangu kuolewa hajaona watu wakipanda mikoko kwa mwendo wa ngoma, na kwamba sasa atataka hivyo kila mwaka.

Badru, simama wakuone. Huyo hapo, Mzee.

HABARI ILIYOTUTANGULIA

Tulipokuwa tunakula wali, Kibiti kulikuwa na msiba. Mtu fulani aliiona boti yetu kwa mbali, imelala upande, akiwa anapita mkondo mwingine. Alipofika penye mtandao akatuma ujumbe wa sauti kwamba wanafunzi wa chuo wamepinduka. Ujumbe ule ulikimbia kuliko boti yoyote. Nyumbani kwa Zuhra majamvi yalikuwa yamekwisha kutandikwa. Zuhra alipopiga simu, mama yake akauliza, "Wewe nani?"

"Mama, ni mimi, Zuhra."

"Kama wewe ni Zuhra, niambie nani alivunja birika langu la chai."

Zuhra, aliyekuwa amemsingizia paka kwa miaka mingi, akakiri. Mama yake akalia kwa furaha, kisha akamgombeza kuhusu birika. Yuko hapa leo, amekaa safu ya pili, na anacheka.

Wiki iliyofuata Bodi yako tukufu ilisimamisha safari zote za vyama vya wanafunzi. Mgeni rasmi, hatukulalamika, na leo hatulalamiki. Aliyetandika jamvi la msiba kwa ajili ya mwanawe ana haki ya kuogopa, na Bodi ina haki ya kuwasikiliza wazazi.

TULICHOFANYA TUKIWA TUMEKAA

Hatukulala. Wanachama kadhaa wamefundishwa huduma ya kwanza na muuguzi wa hapa Kibiti, kwa hiyo Yasmin hayuko peke yake tena. Tumejiwekea utaratibu: kila msafiri ana mwenza, na ukiulizwa "Mwenzako yuko wapi?" ni lazima ujibu bila kugeuza shingo kumtafuta. Wazazi wanaambiwa tunakokwenda, tunapita njia gani na tunarudi lini, na mtu mmoja hubaki chuoni akiwa ndiye wa kupigiwa simu, ili uvumi ukija ukutane na mwenye habari. Hali ya hewa ikitia shaka tunaahirisha, na anayesema "tuahirishe" hachekwi.

Tulifanya jaribio la utaratibu huo sokoni hapa mjini. Tulizunguka mafungu mafungu, kisha kiongozi akapuliza filimbi na kuuliza wenza. Saidy hakuwepo. Mwenza wake alijua papo hapo: alikuwa nyuma ya kibanda cha mihogo ya kukaanga, kinywa kimejaa, hawezi kuitika. Jaribio lilifaulu. Mihogo pia ilikuwa mizuri.

YANAYOTUKWAZA

Majaketi okozi tunayoyatumia ni ya kuazima, na mengine mikanda imechoka. Mwalimu mlezi wetu ana vipindi vingi kuliko saa zilizomo kwenye juma. Lakini liko la tatu, nalo ni zito zaidi, na tumejadiliana sana kama tuliseme.

Mgeni rasmi, safari za wanafunzi hazikukoma. Zimekoma zile zilizopangwa. Vijana ni vijana. Mwisho wa juma wapo wanaopanda pikipiki watatu watatu kwenda Ikwiriri, wapo wanaokwenda kuogelea mtoni bila kumwambia mtu. Huko hakuna Warda wa kuvuta mikanda, hakuna anayejua nani ana selimundu, wala hakuna mama wa ng'ambo anayeangalia kama adhuhuri imepita. Hatusemi haya kumshitaki mtu. Wapo kati yao marafiki zetu tunaowapenda, na kila Jumapili jioni tunakaa tukingoja warudi.

TUNACHOOMBA

Tunaomba Bodi iruhusu tena safari za vyama, kwa sharti kwamba hakuna chama kitakachotoka bila utaratibu wake kukaguliwa na Mkuu wa Chuo. Akiona una kasoro atuzuie, tutarekebisha na kurudi tena. Tunaomba majaketi okozi yawe mali ya chuo, ili hata klabu ya mpira wakialikwa Mafia wavae. Tunaomba mlezi wetu apunguziwe mzigo. Na tunawaomba wazazi, mkisikia ujumbe wa sauti, mpigieni simu aliyebaki chuoni kabla ya kutandika majamvi.

Mzee wetu, juzi Bi. Semeni alimpigia Warda. Alimsalimu, akamuuliza hali ya mpiga ngoma, kisha akasema, "Miche imechipua, inaanza kubanana. Nimewaambia wenzangu wangoje kidogo kuihamisha, wanangu wanakuja. Sasa mie nangoja mniambie. Mnakuja lini?"

Warda alimwambia atampigia baadaye. Mpaka tunasimama hapa hajampigia, kwa sababu hajui aseme nini. Simu anayo mkononi, yuko pale pembeni ya turubai. Jibu lako ukitupa leo, Mzee, litafika Mbwera kabla ya alasiri.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na umri wenye kheri, ailinde safari yako ya kurudi nyumbani, awalinde wazazi wetu, na amlinde kila aliye njiani saa hii, awe majini au nchi kavu. Amina.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Safari na Mikoko,
Chuo cha Mazingira Mwangaza, Kibiti.