Mzee Shingo na Kinda Aliyeijua Sauti Yake

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyombo kidogo, mnisogelee. Leo tunamkumbuka Mzee Shingo, mlezi wa makinda wa korongo, wale ndege wanaokaribia kuisha duniani. Nasema mlezi, si mfugaji. Mfugaji hataki ndege aondoke. Yeye alilea ili waondoke.

Mtaani alikuwa mwongo wa kupendeza. Alimwapia bintiye kwamba yeye hakuzaliwa, alitotolewa. Lakini kazini hakutoa neno. Alijifunika shuka jeupe gubigubi, akavaa mkononi glavu yenye kichwa cha korongo, akawalisha makinda kwa mdomo ule wa bandia. Kinda akizoea sauti ya mtu, hujiona mtu. Akijiona mtu, hawezi kuishi na wenzake. Kwa hiyo, kimya.

"Akirudi nyumbani, maneno yote ya kutwa ananimwagia mimi," anasema mjane wake. "Nikamwambia, baba wee, bora ungelea kasuku!"

Basi akaja kinda mmoja dhaifu. Hali chakula, shingo imelala sakafuni. Mzee akamkumbatia ndani ya shuka. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, maneno yakamponyoka.

"Kula, mama. Kidogo tu, mama yangu."

Kinda akala. Akapona. Akaijua sauti.

Siku ya kuwaachia, wenzake walipaa kuelekea bwawani. Yeye aliruka, akageuka, akatua kwenye uzio, akaita. Mzee Shingo alijificha nyuma ya stoo, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo.

"Alikuwa anarudi kama mtu aliyetoka kuzika," anasema mjane. "Hata uongo ulimwisha."

Kisha akaugua, akatutoka. Hakujua kama kinda wake alipata kundi.

Asubuhi baada ya maziko, korongo yule alitua tena uzioni, akaita. Binti, ambaye sasa anafanya kazi ya baba yake, alikuwepo na ndoo mkononi.

"Watu husema sauti yangu ni ya baba kabisa," ameniambia. "Nilitaka nimwambie tu kwamba hayupo. Nikaingia stoo, nikaing'ata kanga yangu, nikalia. Nilipotoka, alikuwa ameshaondoka."

Mama, na wewe binti yetu, poleni sana. Nasi wengine, tulio na watu tunaowapenda na kila siku tunawaita warudi, tukae kimya kidogo, tufikiri.