Mama Mukwe Aliyenilisha kwa Mkono Wake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana aliyesimama mbele yenu ni mtu aliyekataa kuishi.

Wengi mnanijua. Mi ni Mukendi, wa mashine ya kutoboa mawe kule shimoni. Nilizaliwa Kasai, nikaletwa hapa Kolwezi kijana bado, kwa ajili ya kazi. Sikuwa na ndugu hapa. Ndugu yangu alikuwa mke wangu, Rebeka, binti wa kule Mutshatsha. Mi Muluba, yeye Mulunda. Nyumbani tulisema Swahili, na tulipogombana kila mtu alirudi kwa lugha ya mama yake, basi ugomvi ukaisha kwa kicheko, maana hakuna aliyesikia matusi ya mwenzake!

Tulikaa miaka minne bila mtoto. Mwaka wa tano Mungu akatukumbuka. Ndugu zangu, nilivyofurahi! Nilitengeneza kitanda kidogo cha mbao kabla tumbo halijaonekana vizuri. Lakini siku ya kujifungua, mtoto alipolia, mama yake alinyamaza. Rebeka alikufa. Nilipelekwa nyumbani na mtoto wa kike amefungwa kitambaa cheupe, na mi sikutaka hata kumwangalia. Nilisema moyoni, huyu ndiye aliyemchukua. Mungu anisamehe.

Jirani yetu, Mama Yulia, alikuwa akinyonyesha. Alimchukua mtoto akasema, "Tata Mukendi, huyu atanyonya pamoja na wangu. We lia kwanza." Basi nikalia. Baadaye machozi yakakauka, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Nilifunga mlango. Sikula. Posho ya juma ilikaa ndani ya gunia, sikuifungua. Kapita, msimamizi wetu wa kazi, alikuja mara mbili kuniita; mara ya tatu aliniambia kupitia mlango kwamba jina langu litafutwa. Nilimjibu, "Lifutwe." Mwalimu wa kanisa alikuja kuomba pamoja nami. Nilimwambia, "Mungu wenu tumemzika pamoja na Rebeka. Uende." Akaenda akilia, mzee wa watu. Nilitaka kumfuata mke wangu, ndugu zangu. Niliona kulala pale bila kula ndiyo njia.

Siku moja, jua likiwa juu, nikasikia sauti ya mwanamke inje, Swahili yake ya kuvunjikavunjika. Alikuwa mama mukwe! Ametelemka treni ya Mutshatsha, ametembea toka gare, kituo cha treni, kikapu cha muhogo mukavu kichwani na kuku mkononi.

Ninyi mnajua desturi yetu. Mama wa mke wako humwangalii usoni. Huli mbele yake. Ukimwona njiani, unapita majanini. Na huyu nilimwogopa kuliko wote, maana nilijua anakuja kuuliza: mtoto wangu nilikupa mzima, umemweka wapi? Nilijifunika blanketi mpaka kichwani.

Hakuuliza kitu. Alikaa inje, mgongo wake kwenye ukuta wa nyumba yangu, uso akiupeleka pengine, kama desturi inavyotaka. Alichinja yule kuku, akapika, akamtuma Mama Yulia kuniletea sahani. Nikairudisha. Kesho yake akapika tena, nikairudisha. Siku ya tatu vilevile. Nilimsikia akimwimbia mjukuu wake Kilunda kidogokidogo, nami nikauma blanketi nisilie kwa sauti. Lakini ukuta wa nyumba za kampi, kambi yetu ya wafanyakazi, ni mwembamba.

Siku ya nne alisukuma mlango akaingia. Mama mukwe, ndani ya chumba changu! Nikageukia ukutani. Akasema, "Leo desturi itatungoja inje. Mutoto wangu, lamuka ukule."

Nikamwambia, "Mama, utoke. Ni haya."

"Haya ni ya watu wazima. We, tangu leo, unakuwa mutoto." Akakaa chini. Akamega bukari, ugali wetu, akachovya katika sombe ya majani ya muhogo, akaleta mkono wake mpaka kinywani mwangu. Nikafungua kinywa.

Ndugu zangu, nimekula karamu nyingi. Sijala kitu kama kile. Nilitafuna huku machozi yanaingia ndani ya chakula, na yeye akamega tena, na tena, kama vile analisha mwenye meno mawili.

Nilipoweza kusema, nikamuuliza, "Mama, hauna na hasira na mi?"

Akanijibu, "Hasira? Nilitokaka nayo ku Mutshatsha. Njia yote ya treni nilipanga maneno ya kukuambia, makali. Nilipofika hapa, nikakusikia unalia ku ukuta. Nikasema, mutu mwenye kulia hivi juu ya mutoto wangu, huyu naye ni mutoto wangu. Nimezika mumoja. Wa pili sitamuzika."

Kisha akafumba macho akaomba, maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia: "Bwana Yesu, mi na huyu tuko wawili, tunalia. Ukuwe wa tatu."

Haleluya! Hapo ndipo kitu kilifunguka ndani yangu. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nilijua tu kwamba siko peke yangu ndani ya kile chumba, na kwamba Yule niliyesema tumemzika alikuwa ameketi inje siku tatu pamoja na huyu mama, akipika, akirudishiwa sahani, akipika tena. Nikasema, "Bwana, nisamehe." Mama akatoka, akarudi na mtoto, akamweka mikononi mwangu. "Muangalie." Nikamwangalia. Ni mzuri, ndugu zangu! Tulimwita Neema.

Sitawadanganya. Kesho yake niliamka na uchungu uleule. Lakini niliamka! Nilikwenda kwa kapita kuomba msamaha, akanipokea. Nilikwenda kwa mwalimu, tukakumbatiana. Jumapili nilikuja humu na Neema mgongoni, nimemfunga kwa kitambaa vibaya, wamama wakacheka mpaka wimbo ukakatika. Nilicheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama alikusudia kukaa mwezi mmoja. Leo Neema anaenda masomo, na mama bado hajaona treni nzuri ya kumrudisha. Watu wa kampi walishangaa kutuona tunakula sahani moja. Alipoulizwa, alisema, "Aibu yetu ilikufa na njaa." Yuko pale, benchi la pili la wamama, amejifunika uso kwa sababu nimemtaja. Mama, twasanta, asante sana!

Ndugu yangu unayenisikia, labda umezika, labda umeachwa, labda moyo wako unasema lala tu, yaishe. Usiuamini. Yesu hachoki kurudishiwa sahani. Hata kama huna neno la kuomba, fungua kinywa tu. Na ibada ikiisha usikimbie. Ungoje pale mlangoni. Mi na mama tutakusindikiza mpaka kwako, tutawasha moto, na tutakaa.